Vitabu havijilindi vyenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi, nalo ni nafasi ya maktaba katika kuhifadhi utamaduni wa watu, na hasa nafasi ya mtu ambaye hatajwi kabisa mjadala huu unapozuka, yaani mkutubi. Maktaba inapoungua, tunaomboleza jengo na kuhesabu vitabu vilivyoteketea. Maktaba mpya inapofunguliwa, tunasifu ukubwa wa kumbi zake na wingi wa rafu zake. Ni mara chache mno kumsikia mtu akiuliza ni nani atakayevitunza vitabu hivyo, amesomea wapi kazi hiyo, na mshahara wake umetengwa katika fungu gani. Hoja yangu ni kwamba swali hilo lingepaswa kuulizwa kwanza, kwa sababu kumbukumbu nyingi za binadamu hazikupotea kwa moto, bali kwa kukosa mtunzaji.

Nianze na mfano ambao wengi wanaujua, ingawa naamini tumezoea kuusimulia vibaya. Maktaba ya kale ya Alexandria, nchini Misri, iliyoanzishwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, husemwa kwamba iliangamia kwa moto wa siku moja. Wanahistoria wengi wa leo hawakubaliani na simulizi hiyo. Wanaona kwamba ilidhoofika polepole, karne baada ya karne. Katika siku zake njema mwanazuoni Callimachus aliandaa orodha ya waandishi na kazi zao iliyojaza magombo 120, na msomaji aliweza kuongozwa hadi kwenye kazi aliyoitaka. Lakini mwaka 145 kabla ya Kristo mfalme Ptolemy wa Nane aliwafukuza wasomi mjini humo, na msimamizi wa maktaba, Aristarchus wa Samothrace, akakimbilia kisiwa cha Kupro. Magombo yalibaki mahali pake. Walioondoka ni wale waliojua kilichomo ndani yake. Na kwa kuwa gombo la mafunjo huchakaa, likihitaji kunakiliwa upya kila baada ya vizazi kadhaa, kuondoka kwa wanaojua lipi linakiliwe kwanza ni hukumu ya kifo inayotekelezwa taratibu, bila moshi wala kelele.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui msemo mwingine unaoieleza kazi ya mkutubi vizuri kuliko huo. Kitabu ambacho hakimo katika orodha, hata kama kimo ndani ya jengo, hakimfikii mtu yeyote. Kuorodhesha huonekana kuwa kazi ya karani tu mpaka mtu aijaribu: ni lazima uamue mwandishi atafutwe kwa jina lipi ikiwa anayo matatu, kitabu kinachozungumzia dawa za mitishamba na pia dini kiwekwe katika fungu gani, na msomaji asiyejua jina la kitabu bali mada yake tu atafikaje kwenye rafu husika. S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyeingia katika ukutubi mwaka 1924 alipopewa dhamana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, alizifupisha kanuni za fani hiyo mwaka 1931 kwa maneno machache sana, na miongoni mwake ni kwamba vitabu vipo ili vitumike, na kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Hiyo kanuni ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, maana inamtwika mkutubi wajibu wa kukitafutia kitabu mtu, badala ya kukaa tu akisubiri mtu aje kukitafuta kitabu.

Jambo hili nimelionja mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitafuta jarida dogo la wanafunzi ambalo marehemu baba yangu aliliandikia akiwa kijana. Nilikuwa na hakika kwamba matoleo yake yalikabidhiwa maktaba fulani, kwa kuwa barua ya makabidhiano tunayo nyumbani hadi leo. Nilipofika, mhudumu alinipokea kwa heshima, akanifungulia chumba cha nyuma, na humo nikakuta maboksi yaliyopangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, bila lebo na bila orodha. Akaniambia kwa masikitiko, "Bila shaka limo humu, ila siwezi kukuambia ni wapi." Alikuwa amehamishiwa pale kutoka idara nyingine, hakuwahi kupata mafunzo ya ukutubi hata ya wiki moja, na mkutubi wa mwisho aliyesomea kazi hiyo alikuwa amestaafu bila mtu kuajiriwa badala yake. Nilipekua kwa siku mbili, nikamaliza maboksi saba. Niliporudi baada ya miezi michache, chumba kilikuwa kimegeuzwa kuwa ofisi na maboksi hayakuwapo tena. Simlaumu yule mhudumu hata kidogo. Ninachojua ni kwamba hakuna moto uliowahi kuwaka katika jengo lile, na bado maandishi ya ujana wa baba yangu sijayaona.

Tofauti kati ya kuwa na vitabu na kuwa na mtunza vitabu huonekana wazi zaidi wakati wa hatari. Mwaka 2003, vita vilipokuwa vinaikaribia Basra nchini Iraki, mkutubi mkuu wa maktaba kuu ya mji huo, Alia Muhammad Baker, aliomba ruhusa ya kuvihamisha vitabu, akakataliwa. Akaanza kuvichukua jioni kwa gari lake na kuvipeleka nyumbani kwake, na mapigano yalipofika mjini aliwaomba majirani wamsaidie kuvipitisha juu ya ukuta hadi kwenye mkahawa uliopakana na maktaba. Siku chache baadaye jengo liliungua. Vitabu takriban 30,000 vilikuwa vimeokolewa, na mtu akitaka kujua viliokolewa na nini, ajibiwe kwamba viliokolewa na mtu mmoja aliyejua thamani yake kabla ya hatari kufika, na ambaye majirani walimwamini vya kutosha kuhatarisha maisha yao pamoja naye. Imani ya namna hiyo haijengwi kwa siku moja. Hujengwa kwa miaka ya kumwazima mtoto kitabu, kumsaidia mzee kujaza fomu, na kumjibu kila anayeuliza.

Huko Timbuktu, nchini Mali, makundi yenye silaha yalipouteka mji mwaka 2012, wakutubi na familia zilizorithi miswada ya karne nyingi waliijaza katika masanduku ya bati, wakaificha majumbani, kisha wakaisafirisha kwa siri, mzigo baada ya mzigo, kwa magari na kwa mitumbwi ya Mto Niger hadi Bamako. Abdel Kader Haidara, aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa ametumia miaka mingi akizunguka vijijini kuitafuta na kuikusanya miswada hiyo, na ndiyo maana alijua ipo wapi na ni nani anaye nayo. Mwezi Januari 2013 maelfu ya miswada iliyokuwa imebaki katika Taasisi ya Ahmed Baba yalichomwa moto, lakini sehemu kubwa ya urithi ule ilikuwa imekwisha kuondoka. Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo husahaulika. Timbuktu ipo ukingoni mwa jangwa na hewa yake ni kavu, ilhali Bamako ina msimu mrefu wa unyevu, kwa hiyo karatasi zilizonusurika na moto zilikabiliwa na hatari mpya ya kuota kuvu. Kuokoa hakukuisha masanduku yalipofika. Ndipo kulipoanza kazi ya miaka mingi ya kuzisafisha kurasa vumbi, kutengeneza makasha, kupiga picha kila ukurasa na kuandika orodha. Kazi hiyo haina picha za kusisimua, na ndiyo inayokosa wafadhili upesi.

Sarajevo nayo haina budi kutajwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1992 Maktaba ya Taifa na Chuo Kikuu ya Bosnia na Herzegovina ilipigwa kwa makombora hadi ikawaka. Wakutubi na raia wa kawaida walipanga mstari wakapokezana vitabu kutoka katika jengo linaloungua huku wadunguaji wakiwalenga, na sehemu kubwa mno ya mkusanyo iliteketea hata hivyo. Nauliza hivi: anayeelekeza mizinga kwenye maktaba, ambamo hamna askari wala silaha, anakusudia kupiga nini? Maktaba ya umma ya Jaffna, nchini Sri Lanka, iliyochomwa mwaka 1981 ikiwa na vitabu vipatavyo 97,000 pamoja na miswada ya majani ya mtende, haikuwa ngome ya mtu yeyote. Waliozichoma walielewa jambo ambalo sisi wenye amani tunalisahau, kwamba watu wasiokuwa na maandishi yao ya zamani hawawezi kuthibitisha kwamba walikuwapo.

Hata hivyo sitaki msomaji abaki na picha ya vita peke yake, kwa kuwa adui mkubwa wa vitabu ni mambo madogo ya kila siku. Kuanzia katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa massa ya mbao na kutiwa kemikali zinazozalisha tindikali, na tindikali hiyo huila karatasi kutoka ndani mpaka ikawa ya manjano na kuvunjika kama jani kavu. Kwa hiyo kitabu cha miaka mia moja iliyopita kinaweza kuwa dhaifu kuliko mswada wa miaka mia tano. Kuna mchwa, kuna unyevu, kuna paa linalovuja tone moja kila masika juu ya rafu ileile. Mkutubi aliyefunzwa hujua kwamba vitabu visiegemezwe kwenye ukuta wa nje, kwamba rafu ya chini kabisa iinuliwe kutoka sakafuni, na kwamba kitabu kilicholowa maji kikigandishwa upesi kwa baridi kali, kuvu huzuiliwa kuota hadi muda wa kukikausha upatikane. Moto ulipoingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town mwezi Aprili 2021 na kuuteketeza ukumbi wa Jagger, hasara ilikuwa kubwa na ya kuumiza kwa wote wanaosoma habari za Afrika. Lakini milango ya kuzuia moto ilijifunga yenyewe na kuziokoa sehemu nyingine. Milango hiyo ilikuwapo kwa sababu mtu fulani, siku ambayo hakukuwa na dalili yoyote ya moto, aliona kwamba inafaa kuwapo.

Nafahamu jibu linalotolewa siku hizi kila maktaba inapotajwa: kila kitu kipo kwenye intaneti, kwa hiyo tuskani vitabu tuviweke kwenye kompyuta tumalize kazi. Naunga mkono kwa moyo wote kuweka nakala za kidijitali, kwa kuwa zinamfikishia msomaji aliye mbali kitu ambacho asingekiona maishani mwake. Lakini nakala hizo nazo zinahitaji mtunzaji, tena wa karibu zaidi kuliko kitabu. Mwaka 1986, Uingereza ilipoadhimisha miaka 900 ya sensa ya ardhi ya mwaka 1086 iitwayo Domesday Book, shirika la BBC lilitayarisha toleo jipya la kidijitali katika sahani za leza, likiwa na picha na maelezo yaliyochangiwa na wananchi kutoka kila pembe ya nchi. Haikupita hata miaka 20 kabla mashine za kuzisomea sahani hizo hazijawa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya kazi maalumu ya kuziokoa taarifa zilizomo. Kile kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 bado kinasomeka kwa macho. Faili lisilohamishwa kutoka mfumo unaokufa hadi mfumo unaozaliwa hupotea, na tofauti na kitabu, haliachi hata majivu.

Tena, kilichomo kwenye intaneti ni kile tu ambacho mtu aliona kinafaa kuwekwa, na lugha zenye wasemaji wachache au zenye machapisho machache huachwa nyuma. Ushahidi wa maisha ya jamii nyingi haupo katika vitabu vikubwa, bali katika vitabu vya kujifunzia kusoma, kalenda, matangazo ya mikutano, vijitabu vya nyimbo za ibada, barua, na kanda za sauti za wazee wakisimulia. Tungo nyingi za kale za Kiswahili, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zimetufikia kwa sababu familia zilizitunza na baadaye maktaba zikazipokea. Na hapo tena mkutubi ni wa lazima. Kanda ya bibi akiimba wimbo wa unyago, isiyoandikwa ni nani anayeimba, wapi, mwaka gani na kwa lahaja gani, na kama mwenyewe aliridhia wimbo huo usikilizwe na yeyote au na wanawake waliofundwa tu, ni sauti isiyo na mwenyewe. Mkutubi mwema huandika yote hayo, na huheshimu mipaka aliyoiweka mwimbaji.

Nisisahau upande wa jamii ya leo, kwa kuwa maktaba si ghala la mambo ya kale tu. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kusahihishwa mara ya mwisho mwaka 2022 kwa kushirikiana na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, inasisitiza kwamba huduma hizo ni za watu wote bila kujali umri, jinsia, dini, lugha wala hali. Mtu huingia maktaba bila kuulizwa anakusudia kununua nini. Anayeazima kitabu kuhusu ugonjwa unaomtia hofu hutarajia kwamba siri yake itabaki kwa mkutubi, na kulinda siri hiyo ni sehemu ya maadili ya kazi. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, unaruhusu vitabu vitengenezwe kwa maandishi ya nukta nundu, sauti au herufi kubwa kwa ajili ya wasioona bila kumwomba kibali mwenye hakimiliki, na hata kuvuka mipaka ya nchi. Ni mkataba wa haki kabisa, lakini nakala hizo hazitajitengeneza zenyewe.

Nakuja kwenye fedha, maana ndipo mambo haya huamuliwa. Kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha za tajiri Andrew Carnegie zilijenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali zinazozungumza Kiingereza, nyingi zikiwa Marekani. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu jinsi alivyoupata utajiri wake, lakini sharti lake la kawaida lilikuwa la busara: mji uliopewa fedha za jengo ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka kiasi cha asilimia 10 ya fedha hizo kwa ajili ya vitabu, matunzo na mishahara. Alijua kwamba jengo bila watumishi ni kivuli. Leo wafadhili wengi, na serikali pia, hupenda kukata utepe na kukabidhi makontena ya vitabu vilivyotumika ambavyo havikuchaguliwa na mtu anayewajua wasomaji wa mahali husika, kisha hakuna fungu la mkutubi hata mmoja. Ningependa kila mradi wa maktaba uonyeshe kwanza, kwa maandishi, mishahara ya miaka kumi ya wakutubi waliosomea kazi hiyo, na usipoweza kuonyesha hivyo, fedha zake zipelekwe kwenye maktaba ambayo tayari ipo na inazidiwa.

Mwisho nina ombi linalokuhusu wewe mwenyewe, Mhariri. Mwaka 1537 mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa aliamuru kwamba nakala ya kila kitabu kitakachouzwa katika ufalme wake ipelekwe kwenye maktaba yake, na nchi nyingi sasa zina sheria za namna hiyo zinazowahusu pia wachapishaji wa magazeti. Sheria hiyo hutekelezwa pale tu ambapo upo upande unaopeleka na upo upande unaopokea, unaoandika na unaodai toleo lililokosekana. Gazeti lako huchapwa kwenye karatasi ileile ya massa ya mbao niliyoieleza, isiyokusudiwa kudumu. Ninaomba, kwa unyenyekevu, utueleze wasomaji wako katika safu hii: matoleo yote ya gazeti hili tangu la kwanza yamehifadhiwa wapi, yapo kamili au yana mapengo, na ni nani anayeyatunza?

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi